Umepeleka Barua ya Kazi? Basi Piga Hodi

Poleni na mvua, maana masika ya mwaka huu yametufanya tuanike nguo mpaka ukumbini.

Leo nataka tuzungumze jambo linalowasumbua wengi, hasa wadogo zetu waliomaliza skuli na vyuo. Masika ndiyo yanaisha. Hoteli za mashamba zilizofungwa Aprili na Mei sasa zinapaka rangi, zinabadilisha makuti na kutafuta wafanyakazi kabla wageni wa Julai hawajaanza kumiminika. Kila nyumba utakayoingia utakuta msichana anatafuta pesa ya kutoa vivuli vya vyeti. Bahasha za kaki zinanunuliwa, barua zinaandikwa, zinapelekwa. Halafu kimya. Ukimuuliza imekuwaje, jibu ni moja: "Nimeshapeleka, nangoja kuitwa."

Anangoja wiki, anangoja mwezi. Ukimwambia apige simu aulize, anakutazama kama umemwambia akaombe barabarani. "Wataniona najipendekeza." "Mtoto wa kike hajipeleki." "Kama riziki yangu ipo, watanitafuta." Maneno haya nayajua kwa sababu yamesemwa nyumbani kwetu, tena na watu wanaonipenda. Ndiyo maana nataka tuyatazame vizuri, kwa sababu wako wasichana wengi wenye mikono mizuri wanaokaa ndani mwaka mzima wakidhani kunyamaza ndiyo stara.

Barua haina miguu

Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, nikaenda kusoma ushoni kwenye kituo cha mafunzo ya amali. Nilipopata cheti nikasikia hoteli moja ya mashamba, upande wa mashariki, inataka fundi. Wengi hawajui kwamba hoteli kubwa huwa na fundi wake wa kushona, anakaa huko huko kwenye dobi. Mashuka yanachanika, foronya zinafumuka, vifungo vya wahudumu vinakatika, mapazia yanataka kupunguzwa. Lazima awepo mtu wa kuyafanya hayo kila siku. Nikaandika barua yangu kwa mkono, nikaambatanisha vivuli vya vyeti, nikapanda gari mpaka huko, nikaikabidhi getini. Mlinzi akaipokea kwa heshima zote, akaniambia nitapigiwa.

Wiki mbili zikapita. Mama yangu, Allah amhifadhi, akasema nitulie, riziki haina mbio. Shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mikate ya kumimina Darajani, alikuwa na yake. Akaniuliza: "Hiyo barua ina miguu? Uliiacha getini, nani aliyeipeleka ndani?"

Nikapiga simu mapokezi. Dada aliyepokea akanisikiliza vizuri, akasema meneja amekwenda Dar es Salaam, nipige Jumatatu. Jumatatu nikapiga. Nikaambiwa niulizie kwa msimamizi wa vyumba, maana dobi iko chini yake, na nikaelezwa saa ambayo huwa na nafasi. Siku ya pili yake nikavaa buibui langu, nikachukua nakala ya barua, nikaenda.

Yule mama alinisikiliza, akasema hajaona barua yoyote. Akampigia mlinzi. Barua yangu ilikuwa bado iko getini, ndani ya daftari la kuandikia magari yanayoingia, pamoja na nyengine tatu za wasichana wengine.

Sikulaumu mtu. Nikatoa nakala niliyokuja nayo. Akaisoma amesimama, halafu akaniletea shuka lililochanika upindo na shati la mhudumu lililofumuka kwapani, akanionesha cherehani. Nikashona pale pale. Baada ya siku kumi nikaanza kazi, na nilikaa pale miaka minne mpaka nikaweka akiba ya kununua vyerehani vyangu viwili vya mwanzo.

Mpaka leo nawafikiria wale wasichana watatu. Pengine walingoja, walipoona kimya wakasema wamekosa kwa sababu hawana mtu ndani. Kujuana kupo, sikatai, visiwa vyetu ni vidogo na sote tunaona. Lakini barua zile hazikukataliwa na mtu yeyote. Hazikusomwa.

Nikiwa upande wa pili wa meza

Sasa nina karakana yangu ndogo maeneo ya Mwanakwerekwe, vyerehani saba na overloki mbili. Tunashona sare za skuli, sare za hoteli, na ikikaribia Idi tunashona magauni ya watoto mpaka saa nane za usiku. Barua za kazi napokea mimi mwenyewe, kwa hiyo naweza kukwambia mwenye kazi anaona nini.

Kwanza ujue kwamba ni mtu mwenye shughuli. Barua yako inafika wakati mteja anagombana na fundi kuhusu shingo ya gauni, umeme umekatika, na mwenye duka la vitambaa anadai pesa yake. Kimya chake hakina maana kwamba amekudharau. Mara nyingi hajafika kwenye bahasha yako.

Mwaka mmoja, mwezi wa Disemba, nilitaka mafundi wawili kabla skuli hazijafunguliwa Januari. Zikaja barua kumi na nne. Iliyokuwa na cheti kizuri kuliko zote ilikuwa na nambari moja ya simu, na nambari hiyo haikupatikana siku nne mfululizo. Mwenyewe hakurudi kuuliza. Simjui sura mpaka leo.

Mwengine alinipigia mara kumi na moja, baina ya Magharibi na Isha. Mwengine alimpa kaka yake anipigie, na kaka mtu alianza na mshahara kabla ya salamu. Mwengine akanitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika saba, anaeleza maisha yake tangu alipozaliwa. Masikini, nilimsikiliza mpaka mwisho, lakini hakusema ile barua aliileta lini wala anaomba kazi gani.

Kisha akaja mmoja saa nne za asubuhi. Alibisha hodi, akasubiri nimalize na mteja, akasema: "Bi mkubwa, naitwa fulani, nilileta barua ya ushoni Jumanne ya wiki juzi. Nimekuja kuuliza kama ilikufikia, na kama kuna kitu kimepungua nikilete." Kwenye mfuko wake alikuwa na gauni la mtoto alilolishona mwenyewe, akanionesha mishono kwa ndani, maana ndani ndiko fundi anakojulikana. Hakukaa hata dakika tano. Wiki iliyofuata nilimpigia, na mpaka sasa ndiye anayenikatia vitambaa vya sare zote.

Kwa cheti hakuwa wa kwanza. Lakini fundi anayerudi kuuliza kama barua yake imefika, ndiye huyo huyo atakayerudi kupima mabega ya mteja kabla hajatia mkasi kwenye kitambaa cha watu. Mwenye kazi anaiona tabia hiyo kabla hujakalia cherehani.

Hodi tatu

Turudi kwenye haya. Dini yetu imetufundisha jinsi ya kufika mlangoni kwa mtu. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi, na hilo ni safi zaidi kwetu. Na katika Bukhari na Muslim mna kisa cha Abu Musa al-Ash'ari, Allah amridhie. Alikwenda kwa Sayyidna Umar, akaomba ruhusa mara tatu, hakujibiwa, akarudi zake. Sayyidna Umar alikuwa ameshughulika. Alipopata nafasi akakumbuka kwamba ameisikia sauti yake, akataka aingizwe, akaambiwa ameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini amerudi, Abu Musa akaeleza kwamba ndivyo alivyofundisha Mtume, rehma na amani zimshukie: ruhusa huombwa mara tatu, usipopewa, unarudi.

Aya na hadithi zinazungumzia nyumba za watu, si ofisi. Mimi nachukua adabu yake. Ndani yake mna mambo mawili yanayotufaa sisi tunaotafuta kazi. La kwanza, kubisha hodi ni adabu yenyewe. Anayesimama nje ya mlango kimya, akingoja wenyewe wahisi kwamba yupo, hajafanya haya, amejichosha tu. La pili, hodi ina mwisho. Haigongwi mpaka mlango ung'oke.

Kwa hiyo nawashauri wadogo zangu wahesabu hodi tatu.

Hodi ya kwanza ni baada ya wiki moja. Lakini wiki hiyo inahesabiwa kutoka tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo, si kutoka siku uliyopeleka wewe. Kabla ya tarehe hiyo barua zinakusanywa tu, hakuna wa kukujibu. Kama hakukuwa na tangazo, umejipelekea mwenyewe, basi hesabu siku saba mpaka kumi tangu ulipoikabidhi. Hapa unauliza jambo moja tu: barua imefika kwa mhusika?

Hodi ya pili ni baada ya wiki mbili nyengine. Hapa unauliza kama usaili umeshapangwa, na unawakumbusha kwamba bado unaihitaji kazi.

Hodi ya tatu ni baada ya mwezi. Shukuru, waombe waiweke barua yako kama itatokea nafasi nyengine, kisha rudi. Usirudi kwa hasira. Rudi kama Abu Musa, umetimiza adabu yako.

Namna ya kubisha

Kazi hii inaanza siku ya kupeleka barua. Toa nakala mbili, moja yao na moja yako. Ofisi yenye masjala, waombe wapige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na tarehe. Pahala pasipo na muhuri, andika mwenyewe kwenye daftari: umempa nani, siku gani, saa ngapi. Kwenye barua weka nambari mbili za simu, yako na ya mtu wa nyumbani anayepokea simu vizuri na anayejua kwamba unatafuta kazi. Mjukuu akipokea akajibu "hayupo" akakata, kazi imepita hivyo hivyo.

Saa nazo zina maana. Hotelini asubuhi wageni wanakula na wengine wanaondoka, na mchana wapya wanaingia. Nafasi nzuri ni baina ya saa tano na saa sita, au baada ya saa tisa. Ofisi na maduka, saa nne za asubuhi ni nzuri. Ijumaa iache, watu wanajitayarisha kwa sala. Ramadhani piga asubuhi, usimtafute mtu baada ya Alasiri mate yamemkauka. Na ukiwa na mwenye kazi anayeshona kama mimi, wiki ya mwisho kabla ya Idi muonee huruma.

Maneno yawe machache. Ukipiga simu, sema hivi:

"Assalaam alaykum. Naitwa fulani binti fulani, nakaa Fuoni. Nilileta barua ya kuomba kazi ya dobi tarehe 3 ya mwezi huu. Naomba kujua kama imemfikia mhusika, na kama nifuatilie kwa nani. Ahsante, sitakuchelewesha."

Kama ni ujumbe wa kuandika, ni hayo hayo, na maneno yaandikwe yote. "Xaxa mambo" mwachie shoga yako. Picha ya WhatsApp iwe ya kwako na yenye heshima, au weka ua, maana mwenye kazi ataiangalia. Wasifu wa hali yako usiwe wa kumsema mtu.

Anayepokea simu mapokezi na yule mlinzi wa getini wape heshima kamili, wasalimie, waulize hali. Hao ndio wanaojua meneja yupo au hayupo, na hao ndio wanaobeba bahasha. Jina la aliyekusaidia liandike, ukipiga tena umtaje kwa shukrani.

Kazi za Serikali zina mlango wake. Zinazopitia Tume ya Utumishi zina utaratibu wa kutangaza majina ya walioitwa kwenye usaili, na huko kumpigia bosi simu hakusaidii, pengine kunaharibu. Kufuatilia kwake ni kuangalia matangazo, kila siku kama inawezekana, na kuwa na vyeti vya asili, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi tayari ndani ya mfuko mmoja. Siku baina ya tangazo na usaili huwa chache, na wa kukimbilia cheti Pemba siku ya mwisho amechelewa.

Mlango usiopigiwa hodi

Hapa mama zangu na dada zangu nisikilizeni vizuri, kwa sababu hofu ya wazee wetu kuhusu mtoto wa kike kujipeleka haikuzuka bure. Wako wanaume ambao ukipiga simu kuulizia kazi wanakwambia kazi ipo, tukutane jioni tuzungumze. Pengine anataka mkutane chumba cha hoteli, pengine kwenye gari yake. Mdogo wangu, usaili hufanywa ofisini, mchana, na watu wapo. Akisema kwengine, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Nitakuja ofisini na dada yangu, nitajie siku." Mwenye kazi ya kweli hatakasirika. Akikasirika ameshakujibu.

Vile vile kazi hailipiwi. Anayetaka "ya chai" ili barua yako iwekwe juu, au anayetaka mwili wako, anaomba rushwa. Hifadhi ujumbe wake usiufute, mwambie mtu mzima nyumbani, na ujue kwamba ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi hapa Zanzibar, ipo kwa mambo kama hayo. Aibu si yako.

Na nyinyi wazee, msimfungie ndani kwa sababu ya hofu hiyo. Mfuateni. Shangazi yangu alinisindikiza mpaka kituo cha gari, akanipa nauli ya kurudi kabla sijaondoka, akaniambia nikifika nimpigie. Hiyo ndiyo stara iliyonifikisha kwenye kazi. Kunikataza kwenda kungenibakisha nyumbani, na riziki ingebaki getini ndani ya daftari la magari.

Na wakisema hapana

Kabla ya ile hoteli ya mashariki nilipeleka barua pahala pengine, mjini. Nilifuatilia mara mbili, na mara ya pili nikaambiwa kwa upole kwamba wameshapata mtu. Nililia kidogo kwenye daladala, nikafunika uso kwa mtandio. Lakini jibu lile lilinifungua. Tangu siku ile sikukaa tena nikitazama simu kwa ajili yao, nikaandika barua nyengine. Anayengoja bila ya kuuliza hapati hata hiyo "hapana" ya kumruhusu aende mbele.

Ukiambiwa hapana, sema ahsante. Ukiona pana nafasi, uliza kwa adabu ulipungukiwa na nini. Wengine watakwambia: kiingereza, kompyuta, au kwamba walitaka mtu wa zamu za usiku. Hilo ni somo la bure. Na kipindi chote hicho mikono isilale. Kata nguo za watoto wa jirani, pika vitumbua, jifunze lugha kwa simu yako, ili ukiitwa na kuulizwa "umekuwa ukifanya nini?" uwe na la kusema.

Tawakkul ni kumtegemea Allah baada ya kufanya lililo ndani ya uwezo wako, na kupiga simu moja ya dakika mbili, kwa salamu na maneno mazuri, kumo ndani ya uwezo wako. Anayetoa ni Yeye. Wewe bisha hodi, simama pembeni ya mlango kama tulivyofundishwa, ungoje.

Allah awafungulie wadogo zetu milango ya kheri, awape kazi za halali zenye heshima, awakinge na wenye nia mbaya, na sisi tulioruzukiwa atupe moyo wa kuwajibu wanaotubishia. Amin.